Shajara ya mradi: dakika 45 za jasho kutoka kibanda cha gemu

Jumapili, wiki ya 1

Jimu yetu hapa Tandika ni kiwanja kidogo chenye paa la bati, mabenchi mawili ya mbao na vyuma vya zege iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi. Muziki tunaupata kwenye redio ya kocha iliyoning'inia msumarini juu ya kioo. Leo nilikuwa kwenye seti ya mwisho ya skwati, mapaja yanatetemeka, zimebaki nne, wimbo ukakatika likaingia tangazo la mafuta ya kupikia. Nikasimama. Wenzangu wawili nao wakasimama. Nguvu zilikuwepo bado, ila wimbo ulituacha njiani.

Tulipomaliza nikamfuata kocha. "Kocha, nipe mwezi mmoja. Nitakuletea dakika 45 za muziki, mwanzo mpaka mwisho, bila tangazo." Akauliza muziki gani. Nikajibu bila kufikiri: wa kwenye gemu. Akafuta jasho, akasema, "Lete tuusikie, mdogo wangu."

Njiani nimejiuliza kwa nini nilijibu vile. Ukweli ni kwamba karibu muziki wote wa nje ninaoupenda niliusikia mara ya kwanza kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko. Nyumbani tulikuwa na redio ya mama tu, taarab mchana na Bongo Fleva jioni. Kibandani mechi moja ilikuwa shilingi 200, na mwenye 200 ndiye aliyeshika pedi. Sisi wa foleni tulisimama nyuma, vichwa vya wakubwa vimetuziba skrini, lakini masikio hayakuzibwa. Kuna siku nilikaa saa mbili nikisubiri zamu, nikarudi nyumbani bila kucheza hata mechi moja, na nyimbo nne kichwani.

Masharti niliyojiwekea: kila wimbo uwe umenifikia kupitia gemu, au uwe ndugu wa damu wa ule ulionifikia hivyo. Mpangilio ufuate mwili unavyofanya kazi. Na watu wengine waujaribu, nisiwe mimi peke yangu chumbani.

Jumanne

Nimejaza daftari. Vipande 23 ninavikumbuka, majina ninayajua tisa. Vingine nimeviandika kama tulivyoviita wenyewe: "wa menyu ya mpira", "wa gari jekundu", "wa bosi mwenye rungu".

Wa kwanza kuupata kwa jina lake ni ule tuliouita "wuhuu". Ni Song 2 wa Blur, bendi ya Uingereza, uliotumika kwenye FIFA: Road to World Cup 98, gemu iliyotoka mwaka 1997. Kibandani hakuna aliyejua neno jingine la wimbo ule, lakini ulipofika penye "wuhuu" tulipiga kelele sote pamoja na mwenye kibanda. Una dakika mbili na sekunde mbili tu. Nimeuwekea nyota: huu ni wa seti fupi ya nguvu.

Wa pili umenifurahisha zaidi. Ule wa Tetris, uliokuwa ukilia kwenye kigemu cha mkononi cha binamu yangu kama jogoo mdogo wa bati. Kumbe ni wimbo wa kiasili wa Urusi, wa karne ya 19, unaoitwa Korobeiniki, na maneno yake yametokana na shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861. Korobeiniki ni wachuuzi wanaotembeza bidhaa kijiji hadi kijiji. Wamachinga, kwa lugha yetu. Toleo la Game Boy la mwaka 1989, lililopangwa na Hirokazu Tanaka, ndilo lililousambaza duniani, na miaka yote nimekuwa nikiimba wimbo wa wamachinga wa Urusi bila kujua, mimi niliyekulia nyuma ya soko. Unaingia kwenye kupasha misuli.

Alhamisi, usiku sana

Leo nimeazima kompyuta mpakato ya mdogo wangu, yenye GTA: San Andreas nakala ya zamani. Zamani ni muhimu hapa. Mwaka 2014 nyimbo kadhaa ziliondolewa kwenye gemu hii kwa sababu leseni zake zilikwisha muda, kwa hiyo aliyeipata baadaye husikia redio iliyopungua.

Gemu hii ilitoka 2004 ikiwa na stesheni 11 za redio, zinasikika ukiingia kwenye gari. Leo sikupigana na mtu wala kukimbizwa na polisi. Nilichukua gari, nikaliegesha ufukweni, nikakaa nasikiliza kama mtu aliyewasha redio sebuleni. Mtangazaji wa Bounce FM ni George Clinton mwenyewe, baba wa fanki. Wa Playback FM ni Chuck D wa Public Enemy, kundi la hiphop la Marekani. Watu wazito hawa, na sisi tulikuwa tunawakatiza katikati ya sentensi kwa kugongesha magari.

Sasa sikiliza kilichonikesha. Playback FM inapiga hiphop ya zamani. Ukapita It Takes Two wa Rob Base na DJ E-Z Rock, wa mwaka 1988. Chini yake kuna ukelele unaozunguka mwanzo mpaka mwisho: "yee! wuu!" Ninaujua ukelele ule kama ninavyojua honi ya daladala ya Tandika. Nikahamia Master Sounds 98.3, inayopiga fanki na soul, nikaacha iende. Baada ya nyimbo kadhaa akaingia mwanamke mwenye sauti nzito, anaimba kama anakuonya. Wimbo ukafika katikati, ngoma zikabaki peke yake, na ndani ya zile ngoma: "yee! wuu!"

Nilinyanyuka kitini. Ni Lyn Collins, Think (About It), wa mwaka 1972, uliotayarishwa na James Brown. Rob Base na mwenzake walikata kile kipande cha sekunde chache, wakakizungusha, wakajenga wimbo mzima juu yake. Hata maneno ya jina la wimbo wao ni ya mama huyu.

Nikaanza kuwinda. Ile filimbi kama birika linalochemka kwenye Rebel Without a Pause wa Public Enemy, wa 1987? Ni saksofoni ya The Grunt wa The J.B.'s, bendi ya James Brown, wa 1970, na yenyewe iko Master Sounds. I Know You Got Soul wa Eric B. & Rakim uko Playback FM, na mzee wake mwenye jina lilelile, wa Bobby Byrd, yuko Master Sounds. Babu na mjukuu wamepanda gari moja, na gemu haikwambii. Wewe unayebadilisha stesheni ndiye unayewakutanisha.

Nimelala saa tisa usiku. Lyn Collins na Rob Base wanaingia kwenye orodha, wamefuatana, mama kwanza.

Jumamosi

Siku ya kuhesabu. Namna yangu ni hii: saa ya simu mkono wa kushoto, kidole cha kulia kinagonga meza, sekunde 15, halafu mara nne. It Takes Two nimegonga 28, kwa hiyo midundo 112 kwa dakika. Song 2 imekuja kati ya 32 na 33, yaani 130 hivi. Kila wimbo nauhesabu mara mbili, mwanzoni na katikati, kwa sababu bendi za watu wanaopiga kwa mikono hubadilika kidogo.

Nimesoma pia. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi, na kasi anazozipendekeza kwa mazoezi mengi ni midundo 120 hadi 140 kwa dakika. Mfano wanaoupenda watafiti ni wa jirani yetu Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia. Mwaka 1998 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani kule Birmingham, dakika 4 na sekunde 52.86, huku wimbo wa Scatman ukipigwa kwenye spika za uwanja kwa ombi lake. Wimbo ule una midundo 136 hivi, akautumia kushika mwendo.

Halafu kuna Space Invaders, gemu ya Japani ya mwaka 1978. Muziki wake ni noti nne tu zinazoshuka, du, du, du, du. Kadiri unavyowaua wavamizi, waliobaki wanaongeza kasi, na noti zile zinaongeza kasi nao. Kasi yenyewe ilitokana na mashine: wavamizi wakipungua, kompyuta ina vitu vichache vya kuchora, inawahi. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, akaiacha iwe hivyo. Super Mario Bros. ya 1985 nayo ikibakiza 100 kwenye saa, muziki unapiga hodi na kuanza kukimbia, na mikono ya mchezaji inatoka jasho hapohapo.

Kwa hiyo orodha yangu itapanda hivyo hivyo. Nianze 100 na kitu, nipande pole pole, kilele kiwe dakika ya 35.

Jumapili, wiki ya 2. Jaribio la kwanza

Limeharibika, na nataka niandike vizuri lilivyoharibika.

Tulikuwa saba. Kocha alizima redio, nikaunganisha simu na spika. Kupasha misuli kulikwenda safi, wamachinga wa Urusi waliwachekesha watu na miguu ikachangamka. Lyn Collins alipoingia, dada mmoja anayekuja na mwanawe mgongoni akauliza huyu ni nani, nikajua nimepatia. Song 2 kwenye pushapu: sote tulipiga "wuhuu" bila kuambizana. Mpaka hapo nilikuwa naogelea kwa furaha.

Kisha tukatoka kukimbia, raundi kuelekea Uwanja wa Mkapa na kurudi, spika nimeibeba begani. Hapo nilikuwa nimepanga singeli, muziki wa uswahilini hapahapa Dar. Nilijiambia singeli ndiyo yenye kasi, na kukimbia kunataka kasi. Dakika ya tatu watu walikuwa wanatimka kama wamefukuzwa na nyuki. Ya tano mdogo wangu alishika ubavu, kichomi. Ya sita kocha alinyoosha mkono, akazima spika mwenyewe. Tulirudi tukitembea.

"Huo wimbo haukimbiki," akaniambia. "Miguu inautafuta, haiupati."

Jumatatu

Nimefanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Nilikimbia kichochoroni nikihesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30: mara 41. Kwa hiyo miguu yote miwili inagusa chini mara 164 kwa dakika. Ule wimbo wa singeli nimeugonga 60 kwa sekunde 15, yaani midundo 240. Nusu yake 120. Hatua 164 hazikutani na 240 wala na 120. Ukitaka kukutana unaongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka pumzi inakwisha. Kocha alisema yote haya kwa sentensi mbili.

Lakini 120! Nilichukua kamba hapohapo. Mruko mmoja kwa kila midundo miwili ya singeli, na kamba ikakaa ndani ya wimbo kama uzi kwenye sindano. Nimeruka dakika nne bila kukosea, kitu ambacho sijawahi kukifanya. Singeli inahamia kwenye kamba, na haitoki tena.

Jumatano

Bando limekwisha. Hakuna kilichofanyika.

Ijumaa, wiki ya 3

Kwa sharti langu la mwanzo, singeli haistahili kuwemo: haikunifikia kwa gemu. Nimekaa na jambo hili siku nzima kazini, na nimeridhika kwamba ni ndugu wa damu.

Singeli imezaliwa uswahilini hapahapa Dar, na mmoja wa wazazi wake ni mchiriku. Mchiriku ulipigwa kwa kinanda kidogo cha Casio, kile cha bei nafuu, kikaunganishwa na spika za honi mpaka sauti ikwaruze. Sasa weka Casio ile karibu na muziki wa mashine za gemu za zamani. Mashine ya Nintendo ya mwaka wa 1985 ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za kuimba, moja ya besi, moja ya mchakacho wa ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Mtunzi hana okestra, ana chipu. Afanyeje? Anatunga kipande kifupi, kikali, kinachoweza kujizungusha mara mia bila kuchosha. Mpiga Casio kwenye mchiriku alifanya hivyohivyo usiku kucha kwenye ngoma za mitaani, kisha vijana wa singeli wakachukua vipande vya taarab, wakavizungusha kwenye kompyuta na kuvikimbiza mpaka midundo 200, hata 300. Yuzo Koshiro alipotunga muziki wa gemu ya Streets of Rage mwaka 1991 alikuwa anatafuta sauti ya disko ndani ya chipu. Mtaa wangu ulikuwa unatafuta taarab ndani ya Casio. Masikio yangu yalizoea vyote viwili kwa wakati mmoja, kibandani na kwenye sherehe za jirani, ndiyo maana sikuwahi kuona mpaka kati yao.

Mdogo wangu, aliyepona kichomi, amenimalizia ubishi kwa njia yake. San Andreas ya kompyuta ina folda iitwayo User Tracks. Ukiweka humo nyimbo zako, zinatokea kwenye redio ya gari kama stesheni nyingine. Akajaza singeli. Jioni tulikaa wawili kitandani, tunaendesha gari kwenye mitaa ya Los Santos, na redio inapiga Temeke. Alikuwa anatabasamu vile alivyokuwa akitabasamu tukiwa wadogo nikimwachia pedi.

"Kaka," akasema, "sasa imekufikia kwa gemu."

Jumapili, wiki ya 3

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri nilikuwa Mwembe Yanga. Nilikwenda kutafuta wimbo wa midundo 164 kichwani mwa watu, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nimejaribu kumi na moja na zote zilinichosha.

Vikundi vya jogging vya Temeke huwa vinapita na fulana za rangi moja, wanawake kwa wanaume, wazee mbele na vijana pembeni. Nilijiunga mkiani mwa kimoja. Hawana spika. Kuna mtu mmoja anayeita, wengine wanaitikia, na viganja vinapigwa kila mguu wa kushoto unapogusa lami. Yule mwitaji alikuwa mtu mzima, kitambi kidogo, sauti ya muazini. Tulipoanza kupanda kilima kidogo nyimbo zikapungua kasi. Sikumwona akigeuka nyuma hata mara moja. Alikuwa anasikia: kiitikio kikianza kukatikakatika, yeye anavuta maneno, kikijaa, anakaza. Tulipofika tambarare akapandisha ule tunaoujua sote tangu shule ya msingi.

"Mchakamchaka!"

"Chinja!"

Nilikuwa darasa la tatu tena, miguu peku, vumbi, mwalimu wa zamu na fimbo yake nyuma. Na nilikuwa kibandani pia, maana niliona kitu nilichokuwa nakitafuta tangu Jumamosi ile ya kuhesabu. Noti nne za Space Invaders zinamsikia mchezaji. Mario anaposalia na muda mfupi, muziki unajua. Ndiyo maana muziki wa gemu unashika mwili namna ile: unakufuata wewe unavyokwenda. Wimbo uliorekodiwa haunioni. Yule mzee ananiona kwa masikio.

Nimerudi nyumbani nimefuta nyimbo zote za kukimbia. Dakika ya 18 hadi ya 28 nimeweka faili tupu, ukimya wa dakika kumi. Hapo tutaimba wenyewe.

Alhamisi, wiki ya 4

Nimebakiwa na kupoza mwili, na wimbo wake nilikuwa nao tangu mwanzo lakini nikaogopa kuuweka kwa sababu naupenda mno.

Miaka iliyopita mwenzangu wa kazini alifungua Civilization IV kwenye kompyuta yake saa ya chakula. Gemu ya Marekani, ya mwaka 2005. Menyu ikatokea, dunia inazunguka, na kwaya ikaanza kuimba Kiswahili. Nilidhani amefungua redio. Ni Baba Yetu wa Christopher Tin: Sala ya Bwana, kwa lugha yangu, ndani ya gemu ya watu wa mbali. Tin alisoma Stanford pamoja na Soren Johnson, msanifu wa gemu ile, na waimbaji wa kwanza walikuwa kikundi cha chuoni kwao kiitwacho Talisman. Baadaye Tin akaurekodi tena na Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 ukapata Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ile.

Jioni niliupiga uani nikinyoosha misuli. Mama mwenye nyumba, mwanakwaya wa miaka mingi, akaacha kuchambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo kwaya ya wapi, mwanangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani. "Matamshi si ya kwetu," akasema, "lakini sauti ya tatu imekaa mahali pake. Rudia." Nikarudia. Mara ya tatu aliimba nao, sauti ya pili, polepole, huku vidole vikitoa chuya moja moja.

Nimeuweka mwisho.

Jumapili, wiki ya 4

Jaribio la pili, watu kumi na wanne. Sitaandika kila kitu. Kupasha: Tetris na wenzake. Vyuma: Lyn Collins, halafu Rob Base, na kwa mara ya kwanza nikawaeleza wasikilize "yee! wuu!" ikihama kutoka wimbo hadi wimbo, yule dada mwenye mtoto aliidaka kabla sijamaliza sentensi. Pushapu: wuhuu.

Dakika ya 18 spika ikanyamaza. Watu wakanitazama wakidhani bando limekata. Nikamtazama kocha. Sikuwa nimemwambia. Alivua kofia, akatoka getini, na sauti yake ikarudi kutoka barabarani: "Mchakamchaka!" Tukaitikia huku tunakimbia kumfuata, na alipotusikia tunahema akavuta maneno, kama yule mzee wa Mwembe Yanga. Tulizidisha dakika tatu. Tuliporudi singeli ilikuwa imeshaanza, inatungoja kwenye kamba.

Kwa hiyo kosa lililobaki ni hilo: ukimya uwe dakika 13, na jumla iwe 48. Kocha anataka nakala kwenye flashi kabla ya Jumatano. Mdogo wangu naye ameniomba daftari, kuna vipande vinane bado havina majina, na anasema wa bosi mwenye rungu anaujua.

Nimempa.